Kobe Aliyevishwa Miguu ya Sungura

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, mwanangu, niliposhuka Nachingwea kutoka juu ya magunia ya mtu nisiyemjua, vumbi jekundu limenijaa masikioni hata nikiulizwa jina nasikia kwa mbali. Nilikuwa nimetoka Ungoni, ng'ambo ya Songea, siku kumi na saba nyuma. Sehemu nyingine nilipanda malori, nyingine nilitembea. Tunduru lori letu lilivunjika ekseli. Tukakaa siku tatu. Siku ya nne nikachoka kukaa, nikatwaa mfuko wangu nikashika barabara kwa miguu, nikalala porini, nikanywa maji ya madimbwi. Asubuhi ya pili lile lori likanikuta njiani, limetengenezwa. Dereva akatoa kichwa dirishani akacheka hadi akakohoa: "Ungekaa tu, mzee mzima, tungekuwa tumefika hapa pamoja, na wewe umeshiba!"

Hilo peke yake lingetosha kunifunza. Lakini kijana hafunzwi kwa jambo moja.

Shule ya sekondari niliiacha kabla ya kumaliza darasa la kumi. Hakuna aliyenifukuza. Miguu yangu ilikuwa inawasha, basi. Nilisikia kwamba Nachingwea Wazungu wanang'oa misitu kwa matrekta ili wapande karanga, na kwamba kijana anayeweza kusoma maandishi yaliyomo katika kitabu cha injini hakosi kazi. Ilikuwa kweli. Nikawekwa karakana. Mwaka wa kwanza niliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka wa pili nilishika spana. Wa tatu nikawa nasimama kando ya injini, nafumba macho, naisikiliza, na kusema inaumwa wapi. Nakuambia haya si kwa kujisifu. Nataka ujue kwamba kosa nililolifanya baadaye sikulifanya kwa ujinga. Mjinga husamehewa upesi.

Karanga hazikukubali, kama ulivyokwisha kusikia. Kazi zikapunguzwa, kambi zikaanza kubomolewa, mitambo ikauzwa mmoja mmoja kwa yeyote mwenye nguvu ya kuiondoa. Ndipo akaja karakana mzee mmoja wa Chinongwe, mkulima wa ufuta na mtama, mfupi, amevaa kofia iliyowahi kuwa nyeupe. Aliitwa Mzee Namkumba. Alikuwa amenunua pikapu kuukuu iliyotumiwa kubebea maji, na sasa anatafuta mtu wa kuiendesha na kuitunza. Alikuwa Mmwera, na kama wazee wengi wa huko, ulimi wake haukupatana na herufi moja, r, akaitamka l.

"Nani hapa anajua gali?" akauliza.

Wenzangu wakanionyesha mimi. Nilikuwa nakula muhogo wa kuchemsha. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Ungoni. Macho yakamng'aa. Akapiga kofi moja, akaninyang'anya muhogo mkononi, akautia kinywani mwake wote, akawa anatafuna huku ananitazama.

"Babu yako alikula kuku wa babu yangu," akasema muhogo ukiwa bado shavuni. "Deni la kuku wengi sana. Leo nimeanza na muhogo."

Hivyo ndivyo nilivyompata mtani wangu. Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze kidogo. Zamani babu zetu Wangoni walikwenda upande ule kupora, na babu zao Wamwera wakakimbilia milimani. Vita vilipokwisha, kilichobaki ni utani. Mtani anaweza kuchukua kofia yako sokoni, anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kukasirika. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kufanya fujo na kuchekesha waliofiwa ili wasivunjike moyo. Haya niliyajua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimekaa shuleni mno, nikadhani utani ni kichekesho tu, kama kelele za watoto. Sikujua kwamba huko Kusini neno zito hufungwa ndani ya utani kama unga unavyofungwa ndani ya jani, ili mgeni aweze kulipokea bila kuaibika.

Tukapatana. Gari lake, mikono yangu. Tungebeba abiria na mizigo kati ya Nachingwea na Ruangwa siku za soko, na siku nyingine tungepita Malolo na vijiji vya kando. Akanipa na kiwanja kando ya nyumba yake Chinongwe, akakichorea mpaka kwa kisigino chake.

"Jenga hapa," akasema. "Ukiwa na nyumba, hata hiyo miguu yako itaona haya kuondoka."

Nilimchukulia kama anatania. Hakuwa anatania. Mzee yule hakuwa na mtoto wa kiume, na ile pikapu ndiyo mavuno yake ya miaka yote. Aliviweka vyote viwili mkononi mwangu, gari na kiwanja, na mimi nilijua.

Sasa nikuambie juu ya hilo gari. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, kwa heshima yake. Lakini njia ya Ruangwa ina vilima, na kila tulipofika kwenye kilima abiria walishuka. Siku ya mizigo mizito walisukuma. Akina mama waliobeba ufuta kichwani walitupita, wakitugeukia: "Tukawasalimie huko mbele?" Mzee Namkumba alicheka nao. Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Damu yangu ilikuwa ya kwenda, mwanangu. Nikikaa nyuma ya usukani wa gari linalopitwa na mwanamke mwenye mzigo, nilihisi kama nimefungwa kamba.

Wakati huo Mzungu mmoja wa karakana alikuwa anarudi kwao, naye anauza pikapu yake. Ilikuwa mpya kuliko yetu kwa miaka mingi, ina nguvu, ina mbio, na breki zake zilikuwa za mafuta, ukigusa tu inatulia. Mzee Namkumba akaenda kuitazama. Aliizunguka mara mbili, akainama chini yake, akarudi kwangu.

"Tuuze hii yetu," akasema, "tuongeze na ufuta wa mwaka huu, tuchukue ile. Wewe unataka mbio. Ile imezaliwa na mbio."

Hapo ndipo njia panda ilipokuwa. Nikachagua vibaya, na sababu niliyompa haikuwa sababu yenyewe. Nilimwambia, "Mzee, ufuta wako weka. Uani mwa karakana kuna injini ya lori, silinda sita, nzima kabisa. Nipe wiki tatu. Nitaitia ndani ya hii yetu, na ile ya Mzungu itakula vumbi letu." Nilijifanya namhurumia mali yake. Kweli yenyewe ni kwamba gari la kununua halina jina la fundi. Yeyote angeweza kuliendesha. Lakini gari dogo lenye moyo wa lori, watu wangeuliza: nani kalitengeneza? Nilitaka kusikia swali hilo.

Mzee akaitazama injini ile, kubwa kama ng'ombe aliyelala, kisha akaitazama pikapu. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wamejaa. Akapaza sauti:

"Njooni muone! Mngoni anamvika kobe miguu ya sungula! Miguu itafika Luangwa leo, gamba litafika kesho!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikamjibu, "Nyinyi mliokimbilia milimani mnajua nini habari ya mbio?" Wakacheka tena. Ikaishia hapo. Lilikuwa onyo la kwanza, nami nikalilipa kwa kicheko.

Nilifanya kazi kama mtu mwenye homa. Nilikata vikalio vya injini nikavichomelea upya, nikafupisha shafti, nikatoboa ukuta wa mbele ili radieta kubwa iingie. Injini ya zamani niliifunika kwa turubai nikaiegesha ukutani. Uzito wa ile mpya ulizikalisha springi za mbele, gari likainama kama mtu anayenusa njia. Nikaongeza bamba moja kwenye springi, nikaridhika. Na breki? Breki za pikapu ile zilikuwa za fimbo za chuma. Ukikanyaga, fimbo zinavutwa, magurudumu yanabanwa. Zilitengenezwa kwa injini ndogo na mwendo mdogo. Kitabu kilisema hivyo, nami nilikuwa nimekisoma. Nilizikaza tu, nikajiambia nitazishughulikia baada ya soko lijalo. Kijana anayeongeza nguvu husikia sauti yake siku ile ile. Anayeongeza breki hasikii kitu, wala hakuna anayemshangilia.

Mzee alikuja kuona siku nilipoiwasha. Ilinguruma hadi kuku wakaruka. Akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama, akasema taratibu, "Mtani, gali hili sasa lina moyo wa kijana na magoti ya bibi. Bibi akipenda kucheza ngoma, mnamwachia?"

"Mzee, ukiogopa panda punda," nikasema. Nikacheka. Hilo lilikuwa la pili.

Pikapu ya Mzungu, wakati huo, ilikwisha kununuliwa na Saidi wa Ruangwa, dereva mpole, asiyesema sana, aliyefunga kitambaa chekundu kwenye kioo chake. Siku ya soko tulitoka Nachingwea pamoja. Sisi tulikuwa na magunia ya mtama nyuma, na abiria wanne juu yake. Mzee Namkumba alikuja akafungua mlango akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Kwa kawaida hukaa nyuma na abiria akiwachekesha.

"Leo vipi, umetaka kiti cha Mzungu?" nikamwuliza.

"Nimefikili," akasema. "Ukifa peke yako, nitakucheka mazishini, ni haki yangu. Lakini nikiwa mzee nisiye na gali, atakayenicheka mimi ni nani? Heli twende wote, tuchekwe na wengine."

Hilo la tatu, mwanangu. Mtu mzima alikuwa anakaa ndani ya hatari ili anitazame usoni, ili nione, ili niseme, "Basi Mzee, leo tusiende." Nami nikacheka, nikatia gia.

Lo, lilivyokwenda! Sitakudanganya, sitasema halikuwa tamu. Kwenye tambarare lilikimbia hadi upepo ukatutoa machozi. Kwenye kilima cha kwanza abiria walianza kushuka kwa mazoea, nikawapigia kelele, "Kaeni! Kaeni!" nasi tukapanda bila mtu kushuka, akina mama wa ufuta wakatupisha wakishangilia, "Mngoni! Mngoni!" Kwenye kilima cha pili tukamkuta Saidi. Nikampita. Nilimpungia mkono. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikitoa moshi.

Baada ya kilima kile kuna mteremko mrefu upande wa Chinongwe, wenye kona chini na kijito. Nilikanyaga breki juu kabisa, zikashika kidogo. Nikakanyaga tena, zikanusa tu. Mara ya tatu nikasikia chini ya miguu yangu kitu kimekatika, na pedali ikaenda hadi sakafuni kama nakanyaga maji. Nikajaribu kurudisha gia; ikakataa, ikalia. Ule uzito wa mbele ukawa unatuvuta. Mzee hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Kichuguu," akanyoosha kidole. Kando ya barabara palikuwa na kichuguu kikubwa kuliko gari. Nikakielekea.

Abiria wawili waliruka. Wengine wawili walirushwa na magunia, wakaangukia mtama, wakatoka na michubuko. Mimi nilipasuka kipaji cha uso. Ile injini yangu, fahari yangu, ilirudi nyuma ikavunja ukuta unaoitenga na viti, ikaukuta mguu wa Mzee Namkumba.

Saidi alifika baada ya muda mfupi. Aliteremka mteremko ule ule, na alipotaka kusimama alisimama. Hakunisema. Tulimpakia Mzee kwenye ile pikapu niliyoikataa, ikamkimbiza hospitali ya misheni bila kumtikisa. Nilikaa nyuma nimemshikilia mguu. Njia nzima nilikuwa natazama kile kitambaa chekundu kikicheza kwenye kioo, nikifikiri: hiki kingekuwa chetu.

Nilikwenda kumwona kila nilipoweza. Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimeiandalia majibu, nimeiandalia machozi pia. Lakini yeye aliponiona mlangoni aliwaambia wagonjwa wenzake, "Mwizi wangu huyo amekuja! Babu yake alichukua kuku tu. Huyu amechukua mguu, na supu yake hatujaonja!" Wodi nzima ikacheka. Kila siku hivyo. Kila siku nilitoka pale nimekonda zaidi. Siku moja nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, "Mzee, nakuomba unikasirikie."

Akajiinua juu ya mto. Kisha akasema:

"Haya. Leo utani nauweka kando. Sikiliza kama unasikiliza baba. Nilikuambia mala tatu. Mala tatu ulicheka. Ulidhani mimi nacheza? Mtu ukimpenda, ukimwambia waziwazi mbele za watu 'hujui', umemvunja. Ndiyo maana tunacheka. Tunacheka ili mtu asikie na aibu asiipate. Wewe ulichukua kicheko, neno ukaliacha chini."

"Na gali lile," akaendelea, "halikuwa na kosa. Lilikuwa zee, linajua mwendo wake. Kama ulilidhalau, ungeniambia tuliuze, tununue lenye mbio. Nilikubali! Nilikuambia mwenyewe! Kama ulilipenda, ungeliacha liende lilivyozoea. Lakini wewe hukulipenda wala hukuliacha. Ulilitaka liwe wewe."

Kisha akageukia ukutani. Utani ulirudi siku nyingine, lakini maneno hayo hayajatoka kichwani mwangu hadi leo ninapoandika.

Alitaka jambo moja tu: nilirudishe gari kama lilivyokuwa. Nikaifunua injini ya zamani, nikanyoosha chuma, nikatengeneza fimbo mpya za breki, nikazipima kwa kitabu. Ile ya lori niliirudisha kwa mikono yangu uani, ikashika kutu. Mzee alipotoka hospitali, mguu umekuwa mfupi, anaegemea fimbo, tulianza tena safari zetu. Kwenye vilima abiria walishuka. Akina mama walitupita. "Mngoni," Mzee aliniita kutoka nyuma, "telemka nawe usukume, leo injini yetu ni wewe!" Nyumba niliyoanza kujenga kwenye kile kiwanja ilifika kwenye madirisha. Watu wa Chinongwe walikuwa wamenisamehe. Wengine walikwisha kusahau.

Ni mimi niliyeshindwa. Nilikuwa naamka asubuhi miguu inawasha. Kila kilima kilinikumbusha. Nilijiambia natafuta kazi kubwa zaidi, lakini hakuna kazi iliyoniita. Nikamwendea Mzee nikamwambia naondoka.

"Umekosewa na mtu?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Umeitwa kwenu?"

"Hapana."

Akachora chini kwa fimbo yake. "Haya," akasema.

Mpwa wake, niliyekuwa nimemfundisha kuendesha, alitupeleka Nachingwea, pole pole, nilikopanda gari moshi la kwenda pwani. Mzee alikuja nami hadi kwenye behewa. Mfukoni nilikuwa nimeweka muhogo makusudi, kichwa chake kinaonekana, nikingoja auchukue. Nilingoja anitukane, aniite mwizi wa kuku, awaambie abiria wachunge mizigo yao. Hakuuchukua. Alivua kofia yake, akanipa mkono kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyompa mgeni aliyepita kuomba maji.

"Safali njema, Bwana," akasema. "Tunakushukulu kwa kazi yako."

Bwana! Mwanangu, hakuna tusi lililowahi kuniuma kama heshima ile. Gari moshi likaondoka, nami sijarudi tena Chinongwe.

Nimeishi miji mingi baada ya hapo. Umri wangu umepita arobaini na bado nyumba yenye madirisha yangu sina. Kwa hiyo pokea haya kutoka kwa mtu aliyeyanunua. Ukiwa na kitu kikuukuu, kiwe chombo, kiwe kazi, hata mtu, kipende kwa mwendo wake, au ukiache kwa heshima utafute chenye mbio. Usikilazimishe kuwa kile ambacho hakikuumbwa kuwa. Ukiongeza nguvu, anza na breki, hata kama hakuna atakayekushangilia. Mkubwa wako akikutania mara moja, cheka. Akirudia, acha kucheka umwulize anamaanisha nini. Na ukikosa mahali, ukasamehewa mahali hapo hapo, kaa hapo. Usiwakimbie watu waliokwisha kukusamehe, maana huko uendako hawakujui hata kwa kosa lako.

Mungu akulindie macho yako na mikono yako. Akupe kazi isiyokuaibisha na njia zisizokusaliti. Na siku utakapopata mtu wa kukutukana kwa upendo, Mungu akupe miguu mizito.